Msumari wa Kumi na Saba

Kajiado nzima, kuanzia Namanga mpaka Ngong, hakuna mtu ako na pawa nyingi kuliko mimi. Nasema pawa ile ya kukata miti, msumeno wa injini wenye mnyororo wa meno unaozunguka. Niko na kumi na sita. Zote kuukuu, zote nimezifufua kwa mikono yangu, na zote zinanguruma. Ukitaka kubisha, kuja Kitengela Jumapili saa nane, chakula kikishashuka, usimame uani nikuwashie moja baada ya nyingine. Mbwa wa majirani wanajua hiyo saa. Wanahama mapema.

Shule niliacha darasa la tano. Hilo silifichi, kwa sababu wale walioendelea mpaka mwisho wengine wao nimewaandika kazi. Nilianza kwa nyundo, kuvunja mawe kwenye timbo, kutoka kiwiko mpaka kucha ni vumbi. Kutoka kuvunja kokoto nikaenda kuuza kokoto, kutoka kokoto nikaingia simiti, kutoka simiti nikaweka mabati na misumari, na kufikia miaka ya tisini ikiisha hakuna mtu alikuwa anajenga nyumba Kitengela bila kupita kwangu. Wakati huo nyumbu bado walikuwa wanavuka nyuma ya duka langu kama wateja.

Sasa utauliza, na kila mtu anauliza: Kitengela ni nyasi na upepo, pawa za nini? Jibu langu ni kwamba sikuzitafuta. Zilinitafuta. Serikali ilipofunga misitu huko juu, wenye pawa walibaki na mashine bila kazi, wakaanza kuziuza kwa kilo kama chuma chakavu. Nyingine ziliteremka mpaka kwetu. Nyuma ya soko la mifugo kulikuwa na mfanyabiashara mmoja, watu wake wa Garissa, mwenye uwanja wa vyuma. Nilienda kwake kutafuta mota ya kuvuta maji. Nikaona kitu chini ya rundo la rimu za magari, rangi ya chungwa imeparara, mkono umevunjika, kinanitazama.

"Hii imekufa?" nikamuuliza.

"Ndugu yangu, hapa kwangu yote imekufa. Ndiyo maana iko hapa."

Nikavuta kamba ya kuwashia. Ilikuja nusu, ikakataa, ikarudi taratibu. Mashine iliyokufa hairudishi kamba. Nikamwambia, "Hii haijafa. Imelala."

Akacheka mpaka kofia ikasogea. Tangu siku hiyo, kila pawa ikiingia kwake alikuwa akiniwekea kando, na nikifika anapiga kelele watu wote wasikie: "Mzee wa simiti amekuja kununua kelele! Kuja, niko na moja imelala, labda inaota!"

Hakuna aliyenifundisha kuziamsha. Niliifungua ile ya kwanza juu ya gunia, nikapanga kila kipande kwa mstari jinsi kilivyotoka, ili nikirudisha nianze na cha mwisho. Pistoni iliyoshikana niliiloweka kwa dizeli wiki nzima, kila asubuhi naigonga kidogo na kipande cha mbao, kidogo tu, kama unaamsha mgonjwa. Gasketi za kuziba maungio nilikata kwa boksi la viatu. Kabureta niliichemsha kwa maji na ndimu mpaka ikang'aa kama kikombe cha harusi. Tatizo ni kwamba sufuria niliyochemshia ilikuwa ya mama watoto, ile yake ya pilau.

Alifunua mfuniko akiwa na mchele mkononi.

"Baba watoto, hii ni supu ya nini?"

"Hiyo ni kabureta."

"Imeiva?"

"Bado kidogo."

Alitoka jikoni, akarudi na chumvi, akaiweka kando ya jiko. Mwanamke kama huyo hupati mara mbili. Kesho yake nilimnunulia sufuria mbili, na ile ya kwanza ikawa yangu mpaka leo.

Kila nilipomaliza mashine niliipiga msasa, nikaipaka rangi nyekundu, nikaitundika kwa msumari kwenye ukuta wa stoo. Siku ya kuziwasha nilikuwa natoa mnyororo kwanza, kwa usalama, kwa sababu watoto wa jirani hawaambiliki. Injini ilinguruma bila meno, nikaizima, nikarudisha mnyororo, nikatundika. Kumbuka hilo jambo la mnyororo. Mimi sikulikumbuka.

Sasa nikwambie habari ya pawa niliyoitaka kuliko zote.

Ilikuwa ya baba mkwe wangu. Huyu mzee alipasua mbao msituni zaidi ya miaka thelathini. Pawa ilimlisha yeye na watoto, halafu ikala masikio yake. Misitu ilipofungwa alihamia Ngong kwa kijana wake, hasikii kitu isipokuwa umpigie kelele sikio la kushoto. Mashine yake alikuja nayo ikiwa imefungwa kwa blanketi, akailaza chini ya kitanda. Ilikuwa ya Kijerumani, nzito kama mbuzi aliyeshiba, ya zamani sana hata rangi yake ya kwanza huwezi kujua.

Kati yangu na yeye kulikuwa na neno la zamani. Siku nilipoenda kuposa, aliniuliza nafanya kazi gani. Nikasema kwa kujivuna, "Mimi ni mtu wa kokoto." Akawageukia wazee wenzake: "Kokoto ni jiwe lililoshindwa kuwa jiwe." Wazee walicheka mpaka chai ikamwagika. Binti alinipa, hakuninyima, lakini tangu hapo jina langu kwake lilikuwa Mtu wa Kokoto. Nilijenga nyumba ya mawe, akaja, akaizunguka akisema, "Mtu wa Kokoto amejaribu." Nilinunua lori, akalipiga teke tairi: "Mtu wa Kokoto amepata gurudumu." Kwa hivyo elewa: mimi nilitaka ile pawa, ndiyo, lakini zaidi nilitaka siku moja huyo mzee anipe kitu chake na asikumbuke kokoto.

Nilimwomba. Nikampigia kelele sikio la kushoto mpaka jirani akachungulia. Akainama, akavuta blanketi kutoka chini ya kitanda.

"Imekaa miaka minne haijawaka," akasema kwa ile sauti kubwa ya watu wasiosikia. "Chukua ukaiamshe. Lakini siyo yako. Nimeambiwa wewe unaweka pawa ukutani kama picha ya harusi. Hii haikuzaliwa kutazamwa. Siku nitaona kwa macho yangu inakata mti mikononi mwako, mti wa kweli, siyo kuni, siku hiyo itakuwa yako. Ikishindikana, inarudi hapa chini."

Nikaibeba kama mtoto. Kazi niliyoifanya kwa hiyo mashine sijawahi kufanya kwa nyingine. Miezi miwili. Ringi za pistoni nilizipata Nairobi kwa fundi mmoja mzee aliyekuwa ameziweka tangu zamani hajui za nini. Niliipaka rangi mara tatu, kila mahali, mpaka kwenye mfuniko wa pembeni ambapo kulikuwa na kichoro kidogo cha jino na mshale. Nikaona kinachafua uso wa mashine. Nikapaka juu. Mnyororo niliuvalisha mwisho kabisa, pawa ikiwa imelala chali mezani, nikaukaza vizuri. Ukutani nikapiga msumari wa kumi na saba, mrefu kuliko mingine, katikati.

Kilichobaki ni mti. Na hapo ndipo nilipojua nimepewa mtihani wa nchi nyingine. Wapi Kitengela utapata mti wa kweli? Ile ya karibu ilikuwa kando ya mto, migunga mirefu yenye ganda la manjano, ile Wamasai wanaita olerai, na ilikuwa ardhini kwa jirani yangu, mjane mmoja mzee, kokoo, yaani bibi kwa Kimasai. Mbavu zake zilikuwa nyembamba na sauti yake nene. Mmoja wa miti yake ulikuwa umesimama bila jani hata moja. Mwaka huo ulikuwa wa ukame, lakini mti huu ulikuwa mkavu kuliko mingine. Nikaenda na sukari kilo mbili.

"Takwenya, kokoo," nikamsalimia kwa lugha yake.

"Iko," akaitikia. "Leo sukari ni ya nini?"

"Nimeona mti wako umekufa. Nikasema nikusaidie kuukata, kuni zote zako."

Alitazama mti, akanitazama mimi, akatema mate kando.

"Huo haujakufa. Umelala."

Neno langu mwenyewe! Kwao mti mzima haukatwi hivi hivi. Tawi utakata la kuziba boma, lakini shina huligusi likiwa na uhai, na kama kuna uhai au hakuna, anayesema ni yeye, siyo mwenye duka la simiti. Sukari alibaki nayo.

Nikangoja. Mwanamume mzima, mwenye lori mbili, nilikuwa natoka asubuhi kutazama kama mti wa jirani umekufa. Mama watoto alikuwa ananiuliza nikirudi, "Mgonjwa anaendeleaje?" Mvua ndogo zikanyesha, na wiki mbili baadaye ule mti ukatoa majani kila kidole. Kokoo alituma mjukuu wake dukani kwangu kununua misumari, na kuniambia kwamba mti unanisalimia.

Ulipita mwaka na zaidi. Ngong nikienda, mzee alikuwa ananiuliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Imekata?" Natikisa kichwa. "Kokoto haina haraka," anasema.

Halafu zikaja mvua kubwa. Mzee alikuwa kwetu wiki hiyo, amekuja kung'olewa jino, shavu limefura kama ameficha embe. Asubuhi kokoo mwenyewe akafika mlangoni, maji yakimtiririka kwenye shuka.

"Chukua kelele zako zote, kuja. Mti ameanguka kwa lango."

Mto ulikuwa umekula ukingo, na ule mti, ule ule, ulikuwa umelala chini, shina limeziba lango la boma lake. Ng'ombe walikuwa ndani wote wanalia, ua limebonyea, na hakuna mahali pa kuwapitishia. Miiba ya hilo boma hata kuku hapiti.

Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilimtoa mzee kitandani, nikamfunga kitambaa cha mama watoto shavuni, nikamweka kwenye pikapu, na pawa yake mapajani mwake. Tulipofika watu walikuwa wameshajaa, vijana wa kokoo, wapita njia, mpaka yule wa Garissa mwenye vyuma alikuwepo, amekuja kuangalia ng'ombe wa kununua. Mzee nilimkalisha juu ya mtungi wa maji wa plastiki, mbele kabisa.

Kokoo akaonyesha kwa fimbo. "Kata hapa na hapa. Huku kwa mizizi wacha. Mizizi nusu iko kwa udongo bado."

"Kokoo, huu sasa umekufa."

"Hata ile siku ulisema hivyo."

Nikavuta kamba mara mbili. Ya tatu pawa ikanguruma, sauti safi, nzito, watu wakarudi nyuma hatua tatu bila kuambiwa. Nilimtazama mzee. Hakusikia kitu, lakini aliona watu wakirudi nyuma, akatabasamu upande mmoja, ule usio na jino bovu. Nikainama, nikaweka meno kwenye shina.

Haikukata.

Ilinguruma, ikatetemeka, ikateleza juu ya ganda. Nikakandamiza. Moshi ukaanza kutoka, mweupe, halafu wa kijivu. Nikakandamiza kwa goti. Ile manjano nzuri ya ganda ikawa nyeusi, mstari wa kuungua kama chapa ya ng'ombe, na unga wa mbao hata wa kujaza kijiko hakuna.

"Kokoo," kijana mmoja akapiga kelele, "anakata au anachoma?"

"Anapika," kokoo akajibu. "Wewe mtu wa simiti, mti yangu itaiva saa ngapi?"

Yule wa vyuma naye hakuniacha: "Wallahi nilimwambia ananunua kelele! Si mmeona? Ni kelele tupu!"

Jasho lilinitoka, na kulikuwa na mvua. Nilizidisha mafuta, mashine ikapiga yowe. Kichwani nilikuwa nimeshaiona pawa inarudi Ngong chini ya kitanda, na mimi naitwa kokoto mpaka nizikwe. Ndipo nikaona mkono umekuja juu ya mkono wangu.

Mzee alikuwa ameinuka. Hakusikia ngurumo, hakusikia vicheko, lakini alinusa. Aliuweka mkono wake kwenye kishikio, juu ya wangu, mashine ikiwa bado inawaka, akafumba macho. Alikaa hivyo kama mtu anayesalimiana na rafiki. Kisha akazima.

"Mashine ni nzima," akasema, sauti kubwa, kila mtu akasikia. "Iko kama siku niliinunua. Mtu aliyeiamsha ni fundi."

Nilitaka maneno yake yaishie hapo hapo.

Akaigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye meno, upande mmoja, halafu upande wa pili. Bega lake likaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, ameshika shavu lake lililofura, anacheka na kusema "wui, wui" kwa uchungu wa jino, hawezi kuacha.

"Meno yanaangalia nyuma! Mtu wa Kokoto, umeivalisha suruali mbele nyuma!"

Ni kweli. Niliuvalisha ule mnyororo pawa ikiwa imelala chali. Nilichodhani ni juu kilikuwa chini, na kile kichoro cha jino na mshale, ambacho kingeniambia, nilikuwa nimekipaka rangi mara tatu. Mnyororo ulikuwa unazunguka vizuri sana, unapapasa mti kwa mgongo wa meno. Mtoto wa msituni hawezi kufanya kosa hilo. Linafanywa na mtu ambaye amefufua pawa kumi na saba na hajawahi kukata mti hata mmoja.

Watu walicheka, na mimi nikacheka, kwa sababu hapo hakukuwa na pa kupitia. Mzee aliomba spana. Akaketi tena juu ya mtungi, akafungua, akageuza mnyororo, akakaza, yote kwa dakika chache na macho yake yakiwa yanatazama ng'ombe, siyo mikono. Akanipa.

"Kata."

Nikakata. Alisimama nyuma yangu akiwa ameweka kiganja mgongoni mwangu, katikati ya mabega, na kila nilipokandamiza zaidi ya haja alinigonga kidogo kwa kidole, na nilipolegeza aliacha. Unga wa mbao ulitoka mwororo, umelowa, ukajaza viatu vyangu. Nilisikia harufu ambayo katika miaka yote ya dizeli na petroli sikuwahi kuijua. Kipande cha kwanza kikaanguka. Cha pili. Vijana wakavisukuma, lango likafunguka, na ng'ombe wakatoka wakitupita pande zote mbili, mzee amesimama katikati yao na kitambaa chake cha maua, anawapapasa.

Njiani kurudi nilingoja aseme. Alikuwa na pawa mapajani. Nikashindwa kuvumilia, nikasimamisha pikapu, nikamwinamia sikio la kushoto.

"Baba! Umeona imekata!"

"Nimeona."

"Mikononi mwangu!"

"Mikononi mwako. Na mnyororo alivalisha nani?"

Nikaanza kufuta kioo cha mbele.

"Basi nusu ni yako," akasema, "na nusu inarudi Ngong. Utakuwa unakuja kila mwezi tunaiwasha. Siku utavalisha mnyororo macho yamefungwa, hapo hapo utaibeba. Washa gari, Mtu wa Kokoto, jino linaniuma."

Nilipofika nyumbani niliingia stoo peke yangu, nikashusha zile kumi na sita moja moja, nikaangalia meno. Ngapi zilikuwa zimevaa mbele nyuma sikwambii. Lakini zote sasa zinaangalia mbele, na kile kichoro kidogo nimekikwangua rangi kwa wembe katika kila mashine iliyokuwa nacho.

Msumari wa kumi na saba uko wazi. Wageni wakiuliza, nawaambia, "Hiyo iko kazini," na siyo uongo. Kila mwisho wa mwezi naenda Ngong. Tunawakatia majirani wa mzee miti iliyoanguka na matawi yanayotishia mabati, yeye kiganja mgongoni mwangu. Ule mti wa kokoo pia naupita nikienda: kwenye kisiki, upande wa mizizi aliyonikataza, yametoka machipukizi yamefika kiunoni. Ananiona nikitazama, anainua tu fimbo.

Na kabla ya kurudi nyumbani tunafanya ule mtihani. Mzee ananifunga macho kwa kile kitambaa cha maua, ambacho hakurudisha kwa mwenyewe, ananiwekea pawa mezani, ikiwa chali makusudi, na mnyororo kando. Mimi ni mtu wa kujisifu, umeshaona. Basi acha nikwambie hii moja ambayo sijamwambia yeye: naweza. Niliweza tangu mwezi wa tatu. Stoo kwangu najifunga kitambaa machoni, navalisha zote kumi na sita, na hakuna jino hata moja linaloangalia nyuma. Lakini pale Ngong kidole changu kinafika kwenye jino, kinajua kabisa liko upande gani, halafu nageuza mnyororo. Nakaza. Navua kitambaa.

"Suruali!" anapiga kelele mzee, anapiga meza kwa kiganja, machozi yanamtoka. "Mbele nyuma tena! Mwezi ujao, Mtu wa Kokoto! Mwezi ujao!"